Thumni Inakaa Wapi

Kuna kosa ambalo kila mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi analijua. Andika ubaoni 1/4 na 1/8, uliza ipi kubwa, na mikono mingi itanyooshwa kwa 1/8, kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne. Mtoto hajakosea kuhesabu. Amezisoma tarakimu vile vile alivyozisoma tangu darasa la kwanza, ambako nane siku zote huja mbele ya nne. Sasa badili majina tu. Uliza kati ya robo na thumni ipi kubwa, kwa watu wa pwani waliokua na maneno hayo, na swali lenyewe halitaonekana kuwa swali: robo ni thumni mbili. Hesabu ni ile ile, lakini mtego umetoweka. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuifuatilia katika historia ya vipimo vya pwani ya Afrika Mashariki, kwa sababu inafichua jambo ambalo vitabu vya darasani hulipita haraka mno. Kulinganisha sehemu ni suala la kipimo kabla halijawa suala la tarakimu. Na mstari wa namba, ambao walimu wengi wanauona kuwa mchoro wa kitabuni uliotoka ng'ambo, una ndugu wa miaka mingi katika pima, katika doti na katika mirathi.

Tuanze na majina. Nusu, thuluthi (wengi leo huandika theluthi), robo, humusi, sudusi, thumni na ushuri, yaani sehemu ya kumi, yote yametoka katika Kiarabu. Mwarabu akitamka mengi ya majina hayo anasikia namba ndani yake: rubu na arbaa ni mzizi mmoja, thumni na thamania ni mzizi mmoja. Mswahili hakuyapokea hivyo. Sita, saba na tisa alizichukua kwa Waarabu, lakini nne na nane alikuwa nazo zake, za Kibantu, naye hakuziacha. Kwa hiyo robo iliingia katika Kiswahili ikiwa imetengana na nne, na thumni ikiwa imetengana na nane. Hakuna sikio linalosikia nane katika thumni. Ndiyo maana mtu hawezi kudanganyika kwamba thumni ni kubwa kwa kuwa nane ni kubwa. Nane haipo ndani ya neno. Sidai kwamba wahenga walipanga hivyo kwa hekima. Ni ajali ya lugha mbili kukutana. Lakini ajali hiyo ilikuwa na gharama yake pia, maana jina lisilobeba namba halikuambii lolote peke yake. Ukimwambia mtu asiyejua Kiarabu kwamba kuna thumni na kuna sudusi, hawezi kwa maneno matupu kujua ipi imeizidi nyenzake. Ilibidi ujuzi huo ukae mahali pengine, na mahali penyewe palikuwa mkono na jicho.

Mtu anyooshe mikono yake yote miwili pembeni, awe kama msalaba. Kutoka ncha ya kidole cha kati cha kulia hadi ncha ya kidole cha kati cha kushoto ni pima moja. Kutoka katikati ya kifua hadi ncha ya kidole ni wari, nayo ni nusu ya pima. Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole ni mkono mmoja, ambao pia huitwa dhiraa, nao ni nusu ya wari, yaani robo ya pima. Tandaza kiganja, na kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho unapata shibiri, nusu ya mkono, yaani thumni ya pima. Hivi ndivyo ilivyopimwa nguo, kamba ya jahazi na kina cha maji. Tazama basi tulicho nacho hapa. Tuna mstari mmoja ulionyooka, wenye mwanzo na mwisho, umekatwa katikati, nusu yake ikakatwa katikati, na robo yake ikakatwa katikati tena. Fundi aliyepima kamba kwa njia hii aliziona nusu, robo na thumni zikiwa zimelala juu ya urefu mmoja, kila moja ikianzia mahali pamoja na kuishia pake. Mkono ulikuwa mrefu kuliko shibiri kwa sababu ulifika mbali zaidi, wala hakuhitaji kutafuta asili ya pamoja ili ajue. Kama alikuwa na kamba tu, aliikunja mara moja akapata nusu, mara ya pili akapata robo, mara ya tatu akapata thumni, na mikunjo yenyewe ikaacha alama.

Hii haikuwa elimu ndogo ya nyumbani. Biashara nzima ya misafara ilisimama juu yake. Henry Morton Stanley, alipojiandaa Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, ilimbidi ajifunze kwamba katika bara nguo ndiyo fedha, na kwamba fedha hiyo huhesabiwa kwa doti. Doti moja ilikuwa wari 4, yaani shuka 2, yaani mikono 8. Richard Burton, aliyepita njia hiyo hiyo miaka ya 1857 hadi 1859, ameandika vipimo vilivyo sawa na hivyo. Nguo iliyotafutwa sana ilikuwa merikani, pamba ghafi isiyotiwa rangi ambayo jina lake linataja lilikofumwa, na viwanda vya Massachusetts viliisukuma hadi Ugogo na Unyamwezi kabla vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani havijaikatiza biashara hiyo. Hongo ya mtemi ilitajwa kwa doti, posho ya mpagazi ikakatwa kwa shuka na mikono. Yeyote aliyeshindwa kujua kama mikono mitatu ni zaidi au pungufu ya shuka alipata hasara siku ile ile. Leo neno doti limebaki kwa kanga, na maana yake imesinyaa hadi kuwa jozi ya vipande viwili. Lakini chini ya jozi hiyo bado pamelala urefu wa wari nne uliokatwa nusu.

Udhaifu wa kipimo hiki unajulikana, na naona ndio wenye faida kubwa kwetu kuliko nguvu yake. Mkono wa nani? Pwani ilikuwa na majina mawili kwa jambo hilo. Mkono kamili ulitoka kiwiko hadi ncha za vidole vilivyonyooshwa. Mkono konde ulitoka kiwiko hadi vifundo vya ngumi iliyofumbwa, ukipungua kwa vidole kadhaa. Muuzaji na mnunuzi wangeweza kukubaliana juu ya mikono minane na bado wakaondoka na urefu tofauti, kama mmoja aliwaza kamili na mwingine akapima konde. Mambo yalikuwa hayo hayo kwa nafaka. Pishi ilikuwa na vibaba vinne, kisaga kikiwa vibaba viwili, kwa hiyo kisaga ni nusu na kibaba ni robo. Utaratibu ule ule wa kugawa kwa mbili. Lakini kibaba kilichojazwa hadi kikafanya kilima si kibaba cha mfuto, kile kilichosawazishwa ukingoni. Hakuna aliyegombana kama robo ni ndogo kuliko nusu. Ugomvi wote ulikuwa juu ya kitu kizima: pishi ipi, mkono upi.

Ushahidi wenye uzito kuliko yote uko katika fedha. Riali iliyotumika Unguja, ile ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, na baadaye riali ambayo Sultani Barghash bin Said aliitoa kwa jina lake mwaka 1882, ilihesabiwa kuwa pesa 136. Rupia ya Bara Hindi, iliyozunguka pamoja nayo, ilikuwa pesa 64. Gawanya 136 kwa 64 upate rupia mbili na thumni. Namba hizo mbili hazikuchaguliwa ovyo na soko. Sitini na nne hukatika nusu mara sita bila kubakiza kitu: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Mia moja thelathini na sita hukatika mara tatu, ikatoa nusu ya pesa 68, robo ya pesa 34 na thumni ya pesa 17, kisha inakwama. Sasa ziweke fedha hizo mbili pamoja. Robo ya rupia ni pesa 16. Thumni ya riali ni pesa 17. Mtu mwenye thumni mkononi ana zaidi ya mwenye robo, naye hajaghushi chochote.

Hapo ndipo yule mtoto wa darasani anaporudi. Aliyesema 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 ameambiwa amekosa, na amekosa kweli, lakini ni mara chache anaelezwa kwa nini kosa lake si upuuzi. Katika soko la Unguja la miaka ya 1880 jibu lake lingeweza kuwa sahihi, iwapo 1/8 ni ya riali na 1/4 ni ya rupia. Sehemu mbili zikitajwa bila kitu zilichokatwa kutoka kwacho, hazilinganishiki hata kidogo. Mwalimu anapoandika 1/4 na 1/8 ubaoni ameweka sharti ambalo hakulitamka: kwamba zote mbili ni za kitu kimoja, chenye ukubwa mmoja. Watu wa soko walilijua sharti hilo kwa sababu kulisahau kuliwagharimu. Mtoto halijui kwa sababu hakuna mtu aliyemwonyesha.

Fedha ilituachia pia mfano wa jinsi sehemu inavyoweza kupoteza kwao. Wajerumani walipoibadili rupia yao ya Afrika Mashariki mwaka 1904 ili iwe na heller 100 badala ya pesa 64, walituachia neno hela, lakini waliivunja ngazi ya nusu kwa nusu. Nusu ya mia ni hamsini, robo ni ishirini na tano, na thumni ni kumi na mbili na nusu. Hakuna sarafu inayoweza kubeba hiyo kwa raha. Shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1921 ilikuja na senti 100, na Unguja yenyewe ikaiacha rupia mwaka 1936. Hata hivyo thumni haikufa. Iliendelea kuishi kwa jina la sumuni, sarafu ya senti 50, ambayo ni nusu ya shilingi. Vipi thumni iwe nusu? Bara, rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi mbili. Riali ya rupia mbili na kitu ikawa sawa na shilingi nne hivi. Na thumni ya shilingi nne ni senti 50. Vizazi vimetumia sumuni bila kujua kwamba vinataja sehemu ya nane ya fedha iliyokwisha kutoweka. Sijui mfano bora zaidi wa kumfundishia mtu kwamba jina la sehemu halina maana mpaka ujue kizima chake.

Kufikia hapa msomaji makini anaweza kupinga kwamba nimezungumza juu ya nusu na watoto wake tu. Kukunja kamba kunakupa robo na thumni, lakini hakukupi thuluthi, na kazi ngumu ya kulinganisha sehemu huanza pale ambapo thuluthi na robo zinakutana. Pingamizi hili ni la haki. Jibu lake haliko sokoni, liko kwa kadhi. Qurani katika Sura ya An-Nisaa inataja mafungu sita ya warithi: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Kwa Waislamu wa pwani, ambao wengi wao ni wa madhehebu ya Shafii, mafungu haya hayakuwa mazoezi ya darasani bali nyumba, mashamba ya minazi na majahazi ya marehemu. Sheria ya mirathi ilikuwa mahali ambapo hesabu ya sehemu ilifundishwa kwa ukamilifu wake, tangu al-Khwarizmi alipoitengea mirathi na wasia nafasi kubwa katika kitabu chake cha aljebra kule Baghdad katika karne ya 9, hadi wanazuoni wa pwani kama Sheikh Ali bin Hemedi al-Buhry wa Tanga walipoiandika kwa Kiswahili.

Chukua mtu aliyefariki akaacha mke, mama na mwana wa kiume. Mke ana thumni, mama ana sudusi, na kinachobaki ni cha mwana. Nani kapata zaidi, mke au mama? Majina hayasemi. Msomi wa mirathi hutafuta kwanza namba ambayo mali yote itagawanywa kwayo ili kila fungu litoke zima, na hapa namba hiyo ni 24. Thumni yake ni 3, sudusi yake ni 4, na mwana anabaki na 17. Mama amemzidi mke kwa fungu moja kati ya ishirini na nne. Namba hiyo wanazuoni huiita asili ya mas-ala, na neno asili ndilo hilo hilo linalosomwa leo katika vitabu vya hisabati vya Tanzania kwa namba ya chini ya sehemu, kiasi kikiwa namba ya juu. Mwanafunzi anayetafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 8 na 6 anafanya kazi ya kadhi, ila yeye hajui anamgawia nani.

Katika elimu hiyo hiyo kuna kisa kinachonivutia zaidi. Mtu amefariki akaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumni, mabinti wana thuluthi mbili, baba sudusi na mama sudusi. Kwa asili ya 24 mafungu ni 3, 16, 4 na 4. Jumla ni 27. Mali imekuwa ndogo kuliko haki za watu wake. Inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliulizwa suala hilo akiwa juu ya mimbari, naye akajibu papo hapo kwamba thumni ya mke imekuwa tusui, yaani sehemu ya tisa. Ndiyo maana kisa hicho kikaitwa cha mimbari. Njia hiyo ya kuipandisha asili kutoka 24 hadi 27 huitwa aul. Ibn Abbas hakuikubali, lakini wanazuoni wengi waliifuata. Tazama kilichotokea kwa mke. Mafungu yake ni matatu kama yalivyokuwa. Mali ni ile ile. Ila sasa imekatwa vipande 27 badala ya 24, kwa hiyo 3/27 ni ndogo kuliko 3/24. Kiasi kikibaki palepale na asili ikakua, sehemu hupungua: hilo ndilo somo lote la darasa la nne ambalo mtoto wetu alilikosa, na hapa lilisomwa na mjane aliyeona haki yake ikisogea kutoka 1/8 hadi 1/9.

Lipo pingamizi la pili, na ni zito kuliko la kwanza. Mtu anaweza kusema kwamba pima ni kipimo, na mafungu ya kadhi ni hisa, lakini mstari wa namba si kimojawapo. Juu ya mstari wa namba 3/4 si urefu wa nguo wala fungu la mali. Ni namba, yenye nafasi yake kati ya 0 na 1 kama vile 5 ilivyo na nafasi yake kati ya 4 na 6. Kuviunganisha hivi ni kulazimisha undugu. Nakubali nusu ya hoja hii. Mtu wa pima hakuwa na alama ya sifuri kwenye ncha ya kidole, wala hakuwa na moja isiyo na mwenyewe. Moja yake ilikuwa pima ya mtu fulani. Lakini wazo la sehemu kuwa mahali pa kufikia, si kipande tu cha kushika, lilikuwepo, na ushahidi wake tunautamka kila siku. Tunasema saa tatu kasorobo. Hatusemi saa mbili na robo tatu, ingawa hesabu ingekuwa ile ile. Kasorobo inatutaka tuione saa tatu pale mbele, kisha tusimame robo moja kabla ya kuifikia. Hiyo ni lugha ya njia na vituo. Anayeielewa kasorobo tayari amekwisha kulinganisha 3/4 na 1 kwa namna ya mstari: ameangalia umbali uliobaki. Ndiyo namna hiyo hiyo inayomwezesha mwanafunzi kujua kwamba 7/8 ni kubwa kuliko 3/4 bila kuandika hesabu yoyote, maana ya kwanza imebakiza thumni kufika kwenye kizima na ya pili imebakiza robo.

Mstari wenyewe kama chombo cha hisabati si wa kale sana. Mwaka 1685 Mwingereza John Wallis, katika kitabu chake cha aljebra, alieleza namba hasi kwa mfano wa mtu aliyekwenda mbele wari 5 kisha akarudi nyuma wari 8. Inafaa kuona kwamba hata yeye, alipotaka namba zisizoshikika zieleweke, alikimbilia wari na miguu ya mtu. Kuingia kwa mstari huo katika shule za msingi ni jambo la karne ya 20, hasa pale ilipokuja hisabati mpya ya miaka ya 1950 na 1960. Kwetu hisabati hiyo ilipitia warsha za Entebbe, zilizoanza mwaka 1962 na kukusanya walimu na wanahisabati wa Afrika, Marekani na Uingereza ili waandike vitabu kwa ajili ya shule za Afrika. Mradi ule ulilaumiwa sana, na Kenya iliiacha hisabati mpya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazazi hawakuelewa seti wala sababu yake. Mstari wa namba ulibaki. Naona ulibaki kwa sababu kati ya yote yaliyoletwa, wenyewe ndio uliokuwa na pa kushikia katika maisha ya watu: katika rula, katika futi ya fundi cherehani, katika bomba la nusu inchi na la robo tatu.

Walimu wengine hupinga kwa upande wa kazi. Kwa nini tuchore mstari wakati kuna KDS, au kuzidisha kwa kukingamanisha, njia fupi zisizokosea? Na mchoro unaweza kudanganya. Mpe mtoto 7/12 na 4/7, achore mistari yake kwa penseli butu, na hatapata jibu. Tofauti ya sehemu hizo ni 1/84, nyembamba kuliko alama ya penseli yenyewe. Hili ni kweli, na sioni haja ya kulikwepa. Kadhi hakuchora, alitafuta 24. Lakini kadhi alijua 24 ni mafungu ya nini. Mtoto aliyepewa KDS kabla ya mstari anapata jibu sahihi la swali ambalo hajaliona. Atakuambia 49/84 ni kubwa kuliko 48/84 kwa sababu 49 ni kubwa kuliko 48, na amepatia, ila ni kwa sababu ile ile iliyomkosesha alipolinganisha 1/4 na 1/8: ameangalia tarakimu. KDS ni njia ya kutia alama kwenye mstari, alama ndogo za kutosha ili sehemu zote mbili ziangukie juu yake. Ukiifundisha hivyo, njia fupi na mchoro vinakuwa kitu kimoja. Ukiifundisha bila mstari, unampa mtu vipande 24 bila kumwonyesha mali.

Wapo pia wanaopendelea chungwa na chapati, kwamba mtoto anaelewa kile anachokula. Kwa somo la kwanza la nusu na robo sina neno. Kwa kulinganisha, chungwa linamwangusha, kwa sababu ya jambo tuliloliona katika riali na rupia. Machungwa mawili hayalingani, na robo ya chungwa kubwa huishinda thuluthi ya chungwa dogo. Vitabu vinavyochora duara moja kwa ajili ya 2/3 na duara lingine kwa ajili ya 5/8, yakitofautiana kidogo kwa uzembe wa mchoraji, vinamrudisha mtoto sokoni bila kumwambia ni fedha gani anashika. Mstari mmoja, wenye 0 moja na 1 moja, hauruhusu vizima viwili. Ndilo jambo ambalo pima haikuliweza, wala pishi, wala riali ya Barghash.

Sehemu hizo mbili, 2/3 na 5/8, zinastahili kumalizwa, maana ni ngumu kwa jicho. Thuluthi haimo katika mikunjo ya kamba, lakini vitabu vya fiqhi vinapoeleza masafa ya safari huihesabu dhiraa kuwa vidole 24, yaani nyanda 24, na hiyo ni namba ile ile ya asili ya mke na mama. Pima yenye mikono minne ni nyanda 96. Thuluthi yake ni nyanda 32, na thuluthi mbili ni 64. Thumni yake, shibiri, ni nyanda 12, na thumni tano ni 60. Kwa hiyo mtu aliyeahidiwa thuluthi mbili za pima ya nguo akapewa thumni tano amepunjwa vidole vinne, yaani upana wa kiganja bila gumba. Juu ya mstari wa darasani wenye alama 24 kati ya 0 na 1, sehemu ya kwanza iko kwenye alama ya 16 na ya pili kwenye ya 15, na nafasi iliyo kati ya alama hizo mbili ndiyo vidole vile vinne.